Muuaji Asiye na Sababu

Dominika alikuwa na majivuno kidogo ya uandishi, na mtu pekee aliyeweza kuyashusha alikuwa Mwalimu Thadeus, mstaafu wa Old Moshi aliyemsahihishia hadithi zake. Juma lile alimrudishia daftari limejaa wino mwekundu.

"Muuaji wako hatishi," alimwambia. "Anamuua mama wa watu bila sababu. Kaa naye, muulize anataka nini. Na huyo mama mwandike kama mtu unayempenda, msomaji apate kuogopa."

Dominika alinuna siku mbili, kisha akakubali yaishe. Yule mama akampa kikohozi cha mama yake mzazi, kanga zake, hata kigoda chake cha jikoni. Mama yake huyo, Theodora, ndiye mzazi pekee aliyembakia, na kumwandika hivyo kulimchoma moyo. Muuaji, lakini, aligoma kusema. Sura ya saba, ya mauaji yenyewe, ikabaki nyeupe.

Jua likizama, akapandisha kwa Mwalimu, daftari kwapani. Njia ya kando ya mfereji ilikuwa tupu. Migomba imetulia. Mara... harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza. Na wala haukuwa msimu wa kahawa.

Mwanamume alisimama mbele yake, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada," alinong'ona.

Uchaggani, mtu akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii. Dominika aliitazama ile mikono. Kidole gumba kilikuwa na kovu... kovu la muuaji wake, alilolibuni yeye mwenyewe, sura ya pili.

Alishtuka, halafu akakasirika. Mwalimu huyu! Si amemtuma mtu aje kunipima?

"Umenikosea nini?"

"Bado."

Akalipokea jani ili mchezo uishe. Yule mtu akainama kwa adabu, akampita, akateremka kule alikotoka Dominika. Hatua zake hazikusikika.

Mwalimu alikuwa barazani.

"Shikamoo, Mwalimu. Mtu wako nimekutana naye. Anajua kuigiza!"

"Marahaba. Mtu gani?"

Akamweleza, huku akimchunguza usoni, akitafuta kicheko kilichofichwa. Hakukiona. Mzee alivua miwani.

"Isale... umelipokea?"

"Nimelipokea."

"Mpigie mama yako."

Simu iliita. Ikaita. Dominika alikuwa ameshaanza kulia ilipopokelewa.

Kikohozi.

"Mama! Uko na nani?"

"Kuna mgeni hapa jikoni. Ana adabu huyo! Nimemkaribisha akae, hataki. Namuuliza amekuja kwa shida gani, ananiambia nisiogope, mlishayamaliza huko njiani..." Akakohoa tena. "Eti umeshamsamehe. Kwani mwanangu, alifanya nini?"