Pikapu Inayogonga Mara Moja

Vitanda kumi na viwili vya bweni la wasichana vilikuwa vimekauka vanishi. Seremala alivipanga vipande vipande karakanani, akavifunika turubai. Vilitakiwa shuleni Ijumaa, kabla wasichana hawajarudi kutoka likizo. Tatizo moja tu: njia ya shuleni ni mteremko mrefu, mkali.

Jumatatu asubuhi alitoa pikapu uani kinyumenyume. Ua wao ni mwembamba, gari haligeuki. Mkewe alikaa kando yake. Walipofika kwenye kona, Seremala akakanyaga breki.

Kong'!

"Umesikia?" mke akauliza.

"Ni jeki hiyo, inacheza nyuma ya kiti."

"Jeki uliitoa juzi, Baba Pacha. Imeegemea mlango wa banda la kuku."

Seremala akakohoa. "Basi ni tairi la akiba."

"Ulilolifunga kamba mpaka halipumui?"

Akakanyaga breki tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya.

"Unaona? Imepona."

"Kwani ilikuwa na homa? Mimi mteremko ule sishuki na gari hili. Na vitanda vyangu havishuki."

"Vyako tangu lini?"

"Nani alipiga vanishi?"

Seremala akalirudisha gari nyumbani. Gereji alikuwa amekwenda mara mbili kwa sababu ya mlio huo. Fundi aliendesha gari mpaka barabara kuu na kurudi, hakusikia kitu. "Gari lako zima, mzee," alimwambia.

Mke akaenda kumwita jirani yao, Mama Grisi. Mama huyu alitengeneza malori miaka mingi, na mpaka leo kucha zake hazitakati. Alifika, akalizunguka gari, lakini hakugusa kitu. Aliuliza tu.

"Inagonga lini?"

"Nikifunga breki," Seremala alijibu.

"Kila ukifunga?"

"Hapana. Ikitaka yenyewe."

"Gari halitaki wala halikatai, mwanangu. Lina sababu. Chukueni daftari. Kila likigonga, andikeni: lina mzigo au tupu? Njia kavu au mvua? Na kabla ya kugonga, mlitoka kufanya nini?"

Siku mbili mke aliandika. Jumatano jioni wakasoma pamoja na Mama Grisi kibarazani. Lenye mzigo, limegonga. Tupu, limegonga. Mke akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, polepole.

"Tumetoka uani. Tumetoka uani. Tumetoka kwenye maegesho ya duka la mbao…" Akasimama. "Mama! Mara zote tulikuwa tumetoka kurudi nyuma! Breki ya kwanza ya kwenda mbele ndiyo inayogonga. Zinazofuata hazigongi."

Mama Grisi akapiga makofi. "Sasa umelishika! Ndiyo maana fundi hakusikia. Yeye alikwenda mbele tu."

Wakajaribu palepale. Seremala akarudi nyuma taratibu, akafunga breki. Akaenda mbele, akafunga breki. Kong'! Mama Grisi, aliyesimama kando, akanyoosha mkono. "Gurudumu la mbele, kushoto."

Waliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, wakainua gari kwa jeki, kisha wakaweka stendi ya chuma chini yake. "Jeki ni ya kuinulia," Mama Grisi alisema. "Usiiamini ikushikie gari."

Gurudumu likatolewa. Mama Grisi akashika kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski. Akaitikisa. Ikacheza! Hushikwa na boliti mbili. Moja haikuwapo. Ya pili ilizunguka kwa vidole.

Seremala akakaa chini.

"Nani alifungua hapa?"

"Mimi. Nilibadilisha pedi mwezi uliopita."

"Boliti ulizifungaje?"

"Vizuri kabisa. Nilizipaka sabuni kwanza, ziingie laini. Skrubu za mbao ndivyo tunavyofanya."

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Jamani! Mume wangu amelifunga gari kama kabati!"

Mama Grisi hakucheka. "Kinachoingia laini, hutoka laini. Ukirudi nyuma na kufunga breki, kalipa inasogea upande mmoja. Ukienda mbele na kufunga breki, inarushwa upande wa pili, inagonga. Ikishakaa huko, inanyamaza. Lakini boliti hii ikitoka mteremkoni, kalipa inakwama kwenye rimu. Hapo gari haliko mikononi mwako tena."

Walifungua na upande wa kulia. Sabuni tupu. Kesho yake Seremala alinunua boliti mpya nne, za saizi ya gari hilo hasa. Mama Grisi alisafisha matundu, akapaka gundi ya boliti, akakaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Seremala alisimama kando na kitabu, akimsomea.

Ijumaa vitanda vilipanda, na mke akapanda. Wakatoka uani kinyumenyume. Breki. Mbele. Breki. Kimya! Wakaushuka mteremko wote kwa gia nzito, Seremala akigusa breki taratibu, na gari likimtii kila mara.

Chini kabisa, penye tambarare, akasimama bila sababu. Akaondoka. Akasimama tena. Lori la nyuma likapiga honi.

Mke akatoa kichwa dirishani. "Subiri kidogo, ndugu yangu! Tunasikiliza!"

"Mnasikiliza nini?" dereva akapaza sauti.

"Hakuna kitu!" mke akajibu kwa furaha. "Hakuna kitu kabisa!"

Saa sita mchana vitanda kumi na viwili vilikuwa vimesimama bwenini, safu mbili zilizonyooka.