Macho ya Samaki wa Juzi

Duka la vifaa vya simu lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Katika msongamano ule, fundi wa friji na dada mmoja mwenye gauni la njano wakajikuta wameshika chaja moja.

"Niachie, kaka. Simu yangu imezima."

"Yako imezima tu? Yangu tumeshaizika!"

Dada akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Chaja akaondoka nayo yeye. Fundi akaondoka na namba yake. Tangu hapo ikawa haipiti siku bila kupigiana.

"Umekula, laazizi?"

"Nitakulaje na wewe hupo?"

"Muongo! Nasikia unatafuna!"

Dada alikuwa mchoraji katika kampuni ndogo. Anachora nini, alisema ni siri ya kazi kwa sasa. Fundi hakumbana. Yeye naye alikuwa na ya kwake: katika kundi la mtandaoni la wapenzi wa michezo ya simu alijiita Radi, na watu walimpenda kwa jinsi alivyojua kutia chumvi.

Siku moja, akimsubiri mteja, alifungua mchezo mpya wa binti anayemtafuta mama yake. Mteja akafika, fundi akauacha. Jioni akaandika: "Nimeucheza wiki nzima! Watu wake wana macho ya samaki wa juzi. Simu yangu imetapika!" Wenzake wakacheka hadi mbavu zikawauma, wakayasambaza maneno yale kila pembe. Watu wakaanza kuukejeli mchezo hata kabla ya kuugusa.

Muda si mrefu dada akampigia huku analia.

"Mpenzi, wameufunga mchezo wetu. Wachoraji wote tumeambiwa twende nyumbani."

"Mchezo gani tena?"

"Wa binti anayemtafuta mama yake. Nilitaka nikuonyeshe siku yako ya kuzaliwa. Yale macho wanayoyacheka... ni ya marehemu mama. Halafu kuna mtu anajiita Radi, sijui nilimkosea nini."

Fundi akakauka, bisibisi mkononi.

"Upo?"

"Nipo," akasema.

Akakimbilia kwenye kundi. "Jamani, nilidanganya. Niliucheza kidogo tu. Mchezo si mbaya."

"Radi kahongwa!" mmoja akajibu.

"Huyu jamaa atatuua kwa kicheko," akaongeza mwingine.

Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Akafuta aliyoandika, lakini watu walikuwa wameshayanakili na kuyatia chumvi yao wenyewe.

Kesho yake alivaa shati jeupe, akaenda kwa dada. Alimkuta amekaa sakafuni katikati ya michoro yake, macho yamevimba.

"Radi ni mimi," akasema akiwa bado amesimama.

"Leo sitaki utani, mpenzi. Njoo ukae."

"Si utani."

Akampa simu, kundi likiwa wazi kwa jina la Radi. Dada akasoma, akapandisha juu, akasoma tena.

"Ulifika wapi?"

"Wapi?"

"Kwenye mchezo."

"Pale binti anapofunga mlango wa nyumba yao."

"Huo ni mwanzo kabisa." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Kwa hiyo mama hukumwona."

"Sikumwona."

Dada akaanza kukusanya karatasi. Fundi akachutama amsaidie. Dada akamsukuma mkono, si kwa nguvu.

"Nisamehe. Nakupenda kuliko..." Akakwama. Kila neno lililomjia lilikuwa na sauti ya Radi.

"Kuliko nini?"

"Nakupenda. Basi."

Dada akamtazama, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Nataka kukuamini," akasema. "Ndilo linaloniumiza. Nataka, na siwezi."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Ningejua ningekuambia."

Fundi akakaa sakafuni, mbali naye kidogo. Dada hakumfukuza wala hakumsogelea.