Kucha za Kijani Kwenye Kioo cha Samaki

"Nani alikuwa nawe dukani?"

"Nilikuwa peke yangu, mpenzi. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Mshonaji alikata simu, akaikuza tena ile picha. Mchumba wake, ambaye watu wote walimwita Lenzi, alikuwa mpiga picha wa duka la samaki wa mapambo, na kila siku alimtumia picha ya samaki mmoja. Wa leo alikuwa mwekundu, mapezi yamemwagika kama gauni. Lakini kwenye kioo cha tangi iling'aa taa ya dari, na chini yake ulionekana mkono umeshika kamera. Kucha za kijani.

Kucha hizo alizijua. Alizipaka mwenyewe juzi, hapo hapo kando ya cherehani. Zilikuwa za mdogo wake, Kitinda.

Na ile taa ndiyo iliyomtia baridi zaidi. Lenzi alikuwa na miiko yake: taa za chumbani zizimwe, ya tangi iwake kutoka juu, kioo kifutwe, mdomo wa kamera ugusane nacho, na mpigaji ajifunike kitambaa cheusi. Kitambaa chenyewe alikishona yeye, na tundu la lenzi katikati, kabla hata hajatongozwa. Miaka mitano Lenzi hajatuma picha yenye taa kwenye kioo. Basi picha hii hakuipiga yeye. Na kasema alikuwa peke yake.

Harusi ilibaki siku tisa.

Alimwandikia mdogo wake: "Uko wapi?"

"Chuoni dada, tuna kipindi. Baadaye."

Alimpa mama yake simu. Mama alivaa miwani, akatazama, akavua.

"Unataka kulia au unataka kujua? Kama kulia, nenda chumbani, hizo nguo za watu zitalowa. Kama kujua, vaa viatu."

Njiani mshonaji alikumbuka yote aliyoyapuuza. Mwezi mzima Lenzi hajanywa chai kwao, kila akikaribishwa ameshiba. Wakitembea hamshiki tena mkono, mikono yake iko mifukoni. Mtu aliyepata kwingine, aliwaza, ndivyo anavyoanza.

Mwenye duka alikuwa na mteja, akawaelekeza chumba cha nyuma kwa kidevu. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Ndani giza, mchana kweupe. Tangi moja tu liliwaka, na mbele yake watu wawili wamejifunika kitambaa kimoja.

Alikivuta mpaka mshono wake mwenyewe ukafumuka.

Kitinda alikuwa amepiga magoti, kamera usoni. Lenzi alikuwa nyuma yake, mikono ameibana kwapani.

"Dada, si hivyo una..."

"Nyamaza. Wewe uko chuoni." Akamgeukia Lenzi. "Sema wewe."

Lenzi alitoa mikono kwapani, akainyoosha kwenye mwanga wa tangi. Ilitetemeka, vidole vyote kumi. Samaki mwekundu akasogea, akidhani analetewa chakula.

"Tangu lini?"

"Mwezi na nusu. Daktari anasema hali hii haiui, lakini haiponi. Kila nikipiga, picha inatoka ukungu. Nikamwomba shemeji ashike kamera, mimi nimwelekeze. Leo asubuhi tuliharakishwa, akasahau kuzima taa na kujifunika, nami sikuona. Nilitaka tuvuke harusi kwanza."

"Ili niolewe sijui kitu."

"Ungemtaka mpiga picha asiyeweza kushika kikombe?"

"Mkono haukunitisha. Kilichonitisha ni 'nilikuwa peke yangu'."

Lenzi aliinamisha kichwa. Mama, aliyesimama mlangoni muda wote, akauliza kama kamera haina stendi.

Lenzi akaeleza kwamba stendi ipo, ila samaki hatulii, na anayemfuata ni mkono.

Mshonaji alimtazama yule samaki. Kitambaa kinachoteleza hakikimbizwi na sindano, hubanwa pini. Akaomba kipande cha kioo safi, akakizamisha tangini nyuma ya samaki, akamwachia njia nyembamba ya mbele, ya kupita na kugeuka tu. Kamera ikakaa kwenye stendi, kitambaa kilichofumuka juu yake. Lenzi alisimama pembeni, simu iliyounganishwa na kamera mkononi. Wakasubiri. Samaki akageuka ubavu. Lenzi akabonyeza.

Kila gamba lilihesabika. Lenzi aliitazama picha mpaka macho yakamlowa.

"Usifurahi bado," mshonaji alisema. "Leo unakuja kunywa chai kwetu. Kikombe kijae."

Alikuja. Nusu ya chai ilimwagika mezani, na Mama akaifuta bila neno, jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kuliona.

Siku ya harusi pete iligonga kidole mara tatu, ikakosa. Watu wakaanza kukohoa. Lenzi alitokwa jasho. Mshonaji hakumshika mkono wala hakuisukuma pete. Alinyoosha kidole chake, akakituliza, akasubiri kama anavyosubiriwa samaki.

Mara ya nne ikaingia.