Usichome Vigingi vya Jeshi

Asubuhi moja ya Machi 1919, Hulda Brekke alitia vigingi vya mahema ndani ya jiko, akabandika birika la kahawa. Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, ilikuwa bado na theluji, na vigingi vya mti mgumu huwaka vizuri.

Vilikuwa vya jeshi. Wakati wa vita, kapteni mmoja alimpigia simu mumewe, Torvald, akamwambia aanze kuchonga, mkataba ungefuata. Torvald alikopa benki, akanunua mashine. Kwao watu wakishakubaliana, yamekwisha; kudai karatasi ni kumtukana mwenzako. Kisha vita vikaisha, karatasi haikuja, na jeshi likasema halina mkataba naye. Sasa benki ilitaka kuchukua karakana yao ya uchongaji.

Hulda hakuelewa kitu. Waliagizwa, au hawakuagizwa? 

Jirani yao Ragna akaingia. Wakati wote wa vita alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya manunuzi ya jeshi.

"Unachoma nini, dada?"

"Kuni. Nani atavitaka?"

"Acha. Unachoma ushahidi wako."

Ragna akaketi, akaeleza. Bunge lilikuwa limepitisha sheria kwa ajili ya watu walioagizwa kwa mdomo kabla ya vita kusimama. Wapeleke madai kabla Juni haijaisha, waonyeshe nani aliagiza, kazi waliyofanya na gharama zake.

"Kwa hiyo mkataba upo?" Hulda akauliza.

"Haukukamilika. Ila aliyefanya kazi kwa nia njema haachwi mikono mitupu. Mtarudishiwa gharama. Faida ya vigingi ambavyo hamkuchonga, isahauni."

Torvald aliposikia, akagoma. "Nionekane mgomvi? Kapteni alinipa neno lake."

"Basi mwandikie, alithibitishe," Hulda akasema. "Ukinyamaza, karakana inakwenda."

Torvald akaandika shingo upande, na kapteni akathibitisha. Madai yakapelekwa mapema. Mkaguzi wa jeshi alipokuja kuhesabu vigingi ghalani, Hulda akamwonyesha na jiko, kwa aibu.

"Majivu hatulipi, mama," akasema.

Vilivyobaki vililipiwa. Benki ikapata chake, karakana ikapona. Hulda alishukuru, ingawa moto ule ulizidi kumuuma.

Kabla ya majira ya baridi, msimamizi wa barabara za wilaya akapiga simu: anataka nguzo za uzio, haraka. Torvald akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuchongea," akasema, uso umemwiva kwa aibu. "Lete kwanza mkataba wenye sahihi."

Hulda akachochea moto wa kuni za kweli, akammiminia mumewe kahawa.