Pumzi ya Mwalimu

Karatasi ya kwanza ilitoka na doa la mafuta pembeni, dogo kama ukucha wa kidole gumba. Paskalina aliipeleka dirishani akaikagua. Mikono alikuwa ameinawa. Kila asubuhi aliinawa kwa sabuni kabla ya kugusa rimu, akaikausha kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukishika. Akachapa nakala ya pili. Doa palepale. Ya tatu ilitoka na doa lenye unyevu, na alipoinusa, kichwa chake kilirudi nyuma chenyewe. Maziwa yaliyochacha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kipya katika duka lake la kuchapa pale Rhotia. Kompyuta ilikuwa imeungua pawa saplai, kile kisanduku cha umeme chenye feni kinachokaa nyuma ya mashine, na Karatu nzima hapakuwa na cha aina yake. Alitafuta mtandaoni siku tatu, akalinganisha wati, akasoma maoni ya wanunuzi mpaka macho yakauma, mwishowe akachagua kilichotumika, cha muuzaji wa Arusha aitwaye Leonce. Mzigo ulikuja na basi. Alibonyeza "Nimepokea", akampa Leonce nyota tano, akakifunga mwenyewe kwa bisibisi. Hiyo ilikuwa jana.

Alipeleka kiganja nyuma ya mashine. Hewa ya feni hutoka kavu, tena hutoka moja kwa moja. Hii ilikuwa na unyevu. Ilitoka, ikakoma, ikarudi ndani, ikatoka tena.

"We msomi, umefuga beberu humu?" Anifa, jirani yake muuza vitumbua, mtu wa Singida, alisimama mlangoni na beseni lake bila kuingia.

"Panya kafia darini."

"Panya gani ananuka kama nguo ya mzazi?" Anifa alijiziba pua kwa kanga. "Mwenzangu, leo chai utakunywea kwangu. Vitumbua vyangu siviingizi humu."

Simu ikalia. Wasapu, namba asiyoijua, haina picha. *Habari za asubuhi, dada. Umeamkaje?* Paskalina alidhani ni Leonce anafuatilia mzigo. Akajibu kwamba ameamka salama, kwa sababu alilelewa hivyo, kwamba salamu haiachwi hewani. Alijibia kwenye kompyuta. Wasapu yake ilikuwa wazi hapo muda wote, wateja wakimtumia kazi za kuchapa.

Saa sita salamu ikaja Telegramu. Saa tisa ikaja kwenye kisanduku cha ujumbe cha lile duka la mtandaoni. Mtu yuleyule, adabu ileile. Umeshindaje, dada. Umekula, dada. Mpaka usiku zilifika kumi na moja. Akazijibu zote, na kila alipojibu feni ilivuta pumzi moja ndefu, kama mtu aliyeletewa maji kitandani.

Kesho yake kibodi ilinata. Kila alipoinua kidole, uzi mwembamba mweupe ulinyooka kati ya ngozi na herufi, kisha ukakatika. Alifuta kwa spiriti, akanawa, akafuta tena. Alikuwa bado ananawa kitochi chake kilipolia, kile kisimu kisicho na intaneti, ambacho namba yake walikuwa nayo watu wawili tu: bibi yake, na mdogo wake Eva.

*Dada, mdogo wako anajifungua lini?*

Eva aliishi Karatu mjini na mumewe Wilson, dereva wa watalii. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na katika familia hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti.

Paskalina alichomoa waya ukutani. Taa za mashine zikazimika. Feni haikuzimika.

Alifungua skrubu nne, akakitoa kisanduku na kukilaza juu ya gazeti, na kati ya mapanga ya feni yaliyokuwa bado yanazunguka polepole akaona unywele mmoja, akaushika kwa kibano akauvuta, nao ukaja, ukaleta wenzake, shungi zima la nywele ndefu zilizolowa mafuta, zikaendelea kuja na kuja kama utumbo wa kuku, na mwisho wake zilikuwa zimeshikilia kitu cheupe, laini, kilichokunjamana kama utando wa juu ya maziwa ya moto, ambacho Paskalina alikitazama kitambo kabla hajaelewa kwamba kilikuwa na vinyweleo.

Alitapika kwenye ndoo ya taka. Kisha akampigia Leonce.

"Dada, si ulishanipa nyota tano? Kimeharibika?"

"Kimetoka kwa nani?"

"Mimi nanunua mashine nzima, natoa vipuri—"

"Kwa nani, Leonce?"

"Mwalimu mmoja wa kike, huko Mbulumbulu. Alifiwa na mtoto mchanga, wakwe wakamweka peke yake chumbani, mambo ya mila. Akafia humo humo. Walimkuta siku ya kumi na moja." Leonce alishusha sauti. "Wanasema alikuwa anawatumia watu salamu, usiku na mchana, kila mahali. Hairuhusiwi kumjibu. Kompyuta waliikuta bado inawaka."

Siku kumi na moja. Paskalina alihesabu, hakuweza kujizuia. Siku kumi na moja feni ile ilikuwa inavuta hewa ya chumba kile na kuitema.

"Ulikisafisha?"

"Nilipuliza, dada."

Siku hiyohiyo, nyumbani kwake, Bibi Lukresia alimsikiliza akiwa anachambua maharage, Anifa akiwa amemfuata Paskalina kwa udadisi wake.

"Amekusalimu?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukaitika?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Bibi alisogeza kigoda chake nyuma. Akakichukua kikombe alichokuwa amenywea Paskalina, akakitupa nje, kikavunjika.

"Hilo ni jini, bibi," alinong'ona Anifa. "Limejivika huyo mwalimu."

"Liite unavyotaka. Sisi huku tunaita metimani, unajisi wa msiba." Bibi alimgeukia mjukuu wake, na sauti yake ikashuka. "Mama aliyefiwa na mchanga anakaa kando. Hasalimiwi, hagawani na mtu moto wala maji, mpaka siku zake ziishe atolewe. Yule hajatolewa. Wewe umemwitika, umempokea. Siku alizobakiza utazikaa wewe."

Walituma mtu Mbulumbulu akaulize. Jibu likarudi: zimebaki siku tisa.

"Simu zote zima. Usimwitike mtu."

"Hata Eva?"

"Hasa Eva. Unataka yule ampate kupitia kwako?"

Kisanduku kilizikwa mbali na chemchemi. Kompyuta ikabaki dukani ikiwa wazi ubavuni, imefunikwa gunia, duka limefungwa kufuli. Paskalina alikaa kwenye kibanda cha nyuma, ukungu ukiingia asubuhi na kutoka adhuhuri, chakula kikiachwa kizingitini na mtu asiyesema neno. Harufu ilikuwa imehamia kwake. Ilikuwa kwapani, kwenye mashuka, chini ya kucha alizozikata mpaka damu ikatoka. Asubuhi aliamka kifua cha nguo yake kikiwa kimelowa na kugandamana, yeye ambaye hakuwahi kubeba mimba.

Usiku wa siku ya sita alishindwa. Aliwasha simu kubwa dakika moja tu, aone kama mdogo wake ni mzima, na ujumbe ukaingia papo hapo: *Dada uchungu umeanza. Wilson yuko mbugani kreta na wageni hapatikani. Naogopa. Nijibu hata neno moja.*

Ilikuwa sauti ya Eva kabisa, lakini yule mwingine naye alijua kuita dada, na alikuwa ameshauliza habari za mimba hii, na kama huyu siyo Eva basi neno moja la kumjibu lingetosha kumfungulia njia mpaka kitandani kwa Eva, na kama ni Eva kweli basi mdogo wake alikuwa peke yake na mtoto wa tatu ambaye huenda naye asingelia, akishika simu kwa mikono miwili na kungoja, kama mwalimu alivyongoja, na Paskalina alikaa na kidole juu ya kioo kilichoanza kuteleza kwa mafuta, akajiuma ngumi, akalia bila sauti, akazima.

Siku ya tisa Mzee Josephati, anayewatoa waliotengwa, alikuja na kondoo. Alimchinja, akampaka Paskalina majani mabichi yaliyotoka tumboni mwa kondoo yule, kichwani, kifuani, miguuni, yakiwa bado ya moto. Yeye aliyefuta hata vitasa kwa spiriti alisimama akakubali. Yalinuka mavi. Yalinuka mavi tu, na alipovuta pumzi hakusikia maziwa popote, akacheka kwa machozi. Mpaka jioni ngozi yake ilikuwa kavu.

Kesho yake Eva alishuka kwenye gari la Wilson, amenenepa uso, mtoto begani. Mtoto mzima, wa kike. Bibi alipiga vigelegele mpaka Anifa akaacha kikaango motoni.

"Pokea mwanao," Eva alisema, na Paskalina akampokea kwa mikono miwili, akakaa naye kwenye benchi.

"Nisamehe, Eva. Usiku ule. Ilikuwa siruhusiwi kukujibu."

Eva alimtazama kama anayesubiri mwisho wa utani. "Kunijibu vipi? Si tuliandikiana mpaka alfajiri?"

"Simu yangu ilikuwa imezimwa."

"Dada acha masihara. Wauguzi wenyewe walikuwa wachache. Ni wewe uliyeniambia nilalie ubavu, ni wewe uliyehesabu pumzi na mimi. Bila wewe ningekufa." Eva alitoa simu yake na kuigeuzia kwake.

Ulikuwa mstari baada ya mstari, juu yake jina la Paskalina na picha yake ya mahafali. *Nipo mdogo wangu. Vuta pumzi. Itoe. Vuta. Mimi nilikuwa peke yangu, wewe hutakuwa peke yako.*

Paskalina akaikumbuka kompyuta. Simu alikuwa amezizima zote, lakini wasapu ya kwenye kompyuta hakuwahi kuifunga. Ilikuwa palepale dukani, chini ya gunia, haina waya, haina feni, haina kitu.

Mtoto alijinyoosha, akafumbua kiganja. Katikati ya vidole vyake ulikuwa umezungushwa unywele mmoja mrefu, unang'aa mafuta. Eva kichwa chake alikuwa amekinyoa tangu mwezi wa saba wa mimba.

"Bibi," aliita Paskalina.

Mikono yake yote miwili ilikuwa imembeba mtoto. Kwenye simu ya Eva, chini ya jina lake, chini ya uso wake unaotabasamu, maneno mawili ya kijani yalitokea, yakapotea, yakatokea tena, polepole, kama kitu kinachopumua: *Paskalina anaandika.*