Pistoni ya Kanku

Tarumbeta isipopigwa siku kadhaa, mate hukauka ndani yake na pistoni hushika. Hilo kila mpigaji wa fanfari, bendi ya kampuni ya migodi katika mtaa wa Kapata, alilijua, na halikumnyima mtu usingizi. Lakini Mukalay alikuwa ameipiga ile tarumbeta asubuhi hiyohiyo, na pistoni ya kwanza alipoibonyeza haikupanda tena. Ilibaki chini, kana kwamba mtu ameiwekea kidole na hataki kukiondoa.

Akafanya kama alivyofundishwa. Alizitoa zote tatu, akaziosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akazifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, akatazama namba ili kila moja irudi katika tundu lake. Hapakuwa na mahali palipobonyea, springi ilikuwa nzima. Akatia matone ya mafuta, akarudisha, akabonyeza. Ikazama, ikakaa. Kisha kwenye mdomo mpana wa tarumbeta ikatoka harufu ya nguo mbichi, dawa ya kipindupindu na moshi wa kuni za kuiba.

Mukalay aliijua harufu hiyo. Mwaka ule Kolwezi nzima iliijua, na nusu yake ilijifanya ina mafua. Ilikuwa harufu ya gare, ile stesheni ya reli, walikolundikwa watu wenye asili ya Kasai kungoja treni zisizokuja, baada ya majirani zao kuwaita bilulu, yaani wadudu, na kuwatoa majumbani. Kanku, mwalimu wa tarumbeta, alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi hakuna mfanyakazi wa Kapata aliyeshushwa kaburini bila Kanku kumpigia wimbo wa kuaga. Vijana wa chama cha siasa kilichochochea ufukuzaji huo walipofika mlangoni kwake, Mukalay, mwanafunzi wake, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliingia nao akaivuta tarumbeta mikononi mwa mzee, akisema ni mali ya kampuni. Kanku alikufa palepale gare, mvua ikinyesha, akafukiwa nyuma ya reli. Hakupigiwa hata sauti moja. Fanfari ilikuwa na mpigaji mpya, na mpigaji huyo hakwenda.

Sasa mama yake Mukalay, mama Nkulu, alikuwa amelala kitandani, mifupa mitupu, na neno lake lilikuwa moja: asiende kaburini kimya. Mukalay alimwapia. Ndiyo maana alivuka mji hadi kwa Yassini, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kasongo, ambaye Waislamu na Wakristo vilevile walimwendea kwa mambo ya majini.

Yassini aliifukiza tarumbeta ubani, akaisomea. Pistoni haikutikisika. Akainamisha sikio, akasikiliza muda mrefu, kisha akaisukuma mbali kwa ncha za vidole.

“Hii haiko jini, tata,” alisema kwa sauti ya chini. “Jini mi naweza kumufukuza. Huyu ni mutu, na ninyi mulisha kumufukuza. Mi nimufukuze tena wapi?”

“Basi anataka nini?”

“Anataka ile wimbo mulipatia wafu wote. Enda ku gare, umupigie yeye kwanza. Kisha utamupigia mama yako.”

Mukalay alienda, hilo tumpe. Alifika hadi kwenye reli mchana, tarumbeta ndani ya gunia. Lakini vijana wa chama walikuwa wamekaa pale, wakamwuliza kwa kicheko kama amekuja kuwalilia bilulu. Akajibu kwamba anapita tu. Mwoga huyo, alirudi nyumbani akamwambia mke wake, Mamie, kwamba ameshampigia Kanku. Mamie aliitazama midomo yake, ikiwa mikavu, bila alama ya tarumbeta.

Mama Nkulu alifariki. Kapata yote ilikuja makaburini, maana mama alipendwa, na jeneza lilipofika chini watu wakamgeukia mwanawe. Mukalay akaweka tarumbeta mdomoni, akaomba moyoni, na kabla hajavuta pumzi pistoni ya kwanza ikapanda yenyewe chini ya kidole chake, ikashuka, ya pili ikafuata, ya tatu, na wimbo wa kuaga ukatoka safi kuliko alivyowahi kuupiga, wanawake wakaanza kulia, mtu nyuma akamsifu, naye alijua kwamba pumzi ile si yake na kwamba wimbo ule haukuwa unamsindikiza mama yake bali Kanku, akajaribu kuuzuia kwa ulimi, akashindwa, akaiondoa tarumbeta mdomoni, akaishika mbali na uso wake kwa mikono miwili, nayo ikaendelea kupiga.

Vilio vikakatika. Harufu ya gare ikatanda juu ya shimo.

“Mukalay,” Mamie alinong'ona, “ulinidanganya.”

Walikimbia wote. Padri alikimbia, wapiga ngoma wa fanfari walikimbia, wachimba kaburi walitupa makoleo, na Mamie naye akaondoka, taratibu, bila kugeuka. Wimbo ulipokwisha hapakuwa na mtu wa kuanzisha mwingine. Mukalay alibonyeza, akapuliza, akapuliza tena hadi midomo ikatoka damu. Pistoni zote tatu zilikuwa zimekaa chini.

Mvua ikaanza. Akaokota koleo, akamfukia mama yake peke yake, kimya.