Uso wa Mfupa Kwenye Upepeo

Mtoto hakuwa akitoka jasho. Ilikuwa saa saba mchana, mabati ya chumba chao cha Kariobangi yanaalika kwa jua, na gauni la mama yake, Kasiva, limemganda mgongoni. Lakini shavu la Tiffany, wa miezi minane, lilikuwa baridi kama sahani. Nywele zake zilipepea, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Juu ya kabati ulikuwepo, umefunguliwa, upepeo wa kukunja wa Kichina, wa zamani, mweusi wa kung'aa wenye nakshi za dhahabu. Gachanja, muuza vitu vya kale, alimpa Mbaluka, mumewe Kasiva, autengeneze. Ulichorwa umati wa watu, kila mmoja kabandikwa uso mdogo wa pembe ya ndovu. Uso mmoja ulikuwa umebanduka. Mbaluka, mchongaji, alichonga mwingine kwa mfupa wa ng'ombe kutoka soko la nyama la Burma, na kwa kuwa mchongaji hutaka sura ya kuiga, akamwangalia Tiffany, mwanawe, aliyelala.

Jirani yao Mideva, mwombezi wa kanisani, aliitwa. Alinusa harufu ya majani makavu ya chai, akasikiliza kitu kisichoonekana kikipepea, shwaa, shwaa, akauona uso wa Tiffany kwenye upepeo, kisha akamuuliza Mbaluka kama ana akili. Mbaluka akachukua kisu aubandue uso ule, lakini ncha ilipougusa tu, Tiffany alikata pumzi, midomo ikageuka rangi ya majivu, na hakupumua tena mpaka kisu kilipowekwa chini.

"Wacha," Mideva alinong'ona. "Jini la humu halitaki pengo. Linataka mtu."

Kasiva akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe.

"Nichonge mimi, Baba Tiffany."

"Siwezi."

"Mtoto uliweza. Fanya haraka."

Akachonga huku machozi yakilowesha mfupa, na Kasiva akatulia, baridi ikimpanda kutoka vidoleni hadi kooni, mpaka uso mpya ulipobandikwa na ule wa mtoto ukadondoka wenyewe, na Tiffany akaangua kilio, mwili moto, ameloa jasho.

Gachanja aliuchukua upepeo Ijumaa, akauuza kwa mgeni. Hakuna ajuaye uko kwa nani. Lakini kuna siku unafunguliwa. Siku hizo Kasiva husimama katikati ya chumba akitabasamu, baridi kama sahani, asisikie, na Tiffany, ambaye sasa anajua kusema, humwita.

Jana alimwita tangu uji wa asubuhi ulipopoa mpaka baba yake akarudi kutoka kazini.